Mgongo wa mbwa haunyooshwi kabla ya kupimwa

MBWA aliyekuwa akirukia kochi jana anaamka leo akiburura miguu ya nyuma. Akiguswa mgongoni analia, na akiitwa mkia hautikisiki. Wenye nyumba hukusanyika, na kila mmoja huwa na maelezo yake: amepigwa na jirani, ameanguka, amelishwa sumu. Maelezo yanayopendwa zaidi, kwa kuwa ni rahisi kuyaelewa, ni kwamba mfupa wa mgongo umetoka mahali pake na anatafutwa mtu mwenye mikono mizuri wa kuurudisha.

Katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, imani hiyo ina jina, vyuo na ada zake. Huitwa kiropraktiki, yaani tiba ya kubonyeza na kunyoosha viungo, hasa vya mgongo, kwa mikono. Ilianza kwa binadamu, ikahamia kwa farasi, kisha ikawafikia mbwa na paka. Video za tiba hiyo zimeenea mitandaoni: mtu anamshika mbwa shingoni, anaikunja kwa ghafla, mlio unasikika, na mbwa anajitikisa kama aliyetoka majini. Zinavutia macho. Kinachokosekana ndani yake ni kile ambacho daktari wa mifugo angetaka kukijua kwanza, nacho ni ugonjwa aliokuwa nao mbwa huyo.

Swali hilo si la wasomi peke yao. Kuna maradhi ya mgongo ambayo kuchelewa kwa siku moja huweza kuamua iwapo mbwa atatembea tena au la, na kuna shingo ambayo ikizungushwa kupita kiasi mnyama hukata roho papo hapo.

Ilikotoka tiba hii

Kiropraktiki ilizaliwa mjini Davenport, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Mnamo Septemba 1895, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Canada aliyekuwa akiwatibu watu kwa kile alichokiita nguvu za sumaku, aliubonyeza mgongo wa Harvey Lillard, mfagizi wa jengo alimokuwa na ofisi yake. Lillard alikuwa na matatizo ya kusikia kwa miaka mingi. Palmer alitangaza kwamba alipoirudisha pingili moja ya mgongo mahali pake, mtu huyo alianza kusikia tena. Mchungaji mmoja aliyekuwa mteja wake akamtungia jina la tiba hiyo kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya mkono na la pili kutenda.

Madaktari walitilia shaka kisa hicho tangu mwanzo, na si bila sababu: neva ya kusikia hutoka sikioni na kuingia ubongoni ndani ya fuvu, wala haipiti mgongoni. Palmer hakutetereka. Alifikia kudai kwamba asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizohama. Wengi wa watabibu wa kiropraktiki wa leo hawashiki tena dai hilo, na kwa maumivu ya kiuno ya binadamu tiba yao huonekana kuleta nafuu kiasi, sawa na mazoezi au tiba nyingine za kawaida.

Kwa upande wa wanyama, jina linalotajwa zaidi ni la Sharon Willoughby, daktari wa mifugo wa Marekani aliyesomea pia kiropraktiki, na ambaye mnamo 1989 alianzisha chama cha watabibu wa wanyama wa fani hiyo nchini humo. Nchini Uingereza, John McTimoney alikuwa amekwisha kubuni mbinu yake mwenyewe, nyepesi zaidi kwa mkono, na kuitumia kwa wanyama. Mafunzo ya fani hii Marekani huchukua saa mia mbili na ushei, na hupokea madaktari wa mifugo pamoja na watabibu wa binadamu. Hapo ndipo penye utata. Anayetoka kwa binadamu huweza kuwa hodari wa kubonyeza mgongo, lakini hakupata kufundishwa kutofautisha mbwa mwenye misuli iliyokaza na mbwa mwenye uvimbe ndani ya mfupa.

Neno moja, maana mbili

Mgongo wa mbwa una pingili saba za shingo, idadi ile ile aliyo nayo twiga, 13 zinazobeba mbavu, saba za kiuno, tatu zilizoungana kuwa mfupa mmoja unaoshikana na nyonga, kisha zile za mkia ambazo idadi yake hutofautiana. Paka ana mpangilio huo huo. Pingili hizo hazikupangwa kama matofali yasiyo na saruji. Zimefungwa pamoja kwa kano, kwa viungo vidogo vya pande zote mbili na kwa tabaka za misuli, hata kuitenganisha pingili moja na mwenzake katika mnyama mwenye afya huhitaji nguvu kama ya kugongwa na gari. Ndani ya pingili hizo mna mfereji, na ndani ya mfereji hupita ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya neva inayopeleka amri za ubongo miguuni na kurudisha habari za maumivu.

Daktari anaposema pingili imeteguka, huwa anazungumzia jambo linaloonekana kwenye picha ya eksirei. Mfano ulio wazi hupatikana shingoni. Pingili mbili za kwanza hushikana kwa kijino cha mfupa na kano zake. Baadhi ya mbwa wa jamii ndogo sana, kama vile Yorkshire Terrier, Chihuahua na Pomeranian, huzaliwa na kijino hicho kikiwa kifupi, au kikiwa hakipo kabisa, au kano zikiwa dhaifu. Aghalabu dalili hujitokeza mnyama akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Hulia akiinuliwa kichwa, hukataa kuinamia bakuli, huyumba kama mlevi. Huo ni mgongo uliokosa mpangilio kwa maana kamili ya neno, na ndio usiofaa kabisa kuguswa na mtabibu wa kunyoosha. Ugwe unaopita mahali hapo ndio unaobeba amri za kupumua. Hata madaktari wakimpiga mbwa huyo picha hujihadhari mno wasiikunje shingo yake.

Mtabibu wa kiropraktiki hutumia neno hilo hilo kwa maana nyingine. Kwake yeye, pingili iliyokosa mpangilio ni kiungo ambacho vidole vyake vimehisi kwamba hakichezi ipasavyo. Eksirei yaweza isionyeshe lolote. Watabibu wa siku hizi walio makini hukiri kwamba mfupa haukuhama, ila umepungukiwa na mwendo. Hata mlio unaosikika si wa mfupa kurudi mahali pake. Ni gesi iliyomo katika majimaji ya kiungo, sawa na mlio wa mtu anayevunja vidole vyake baada ya kazi ndefu.

Tofauti hii ya maana ndiyo inayowaponza wenye mbwa. Wakiambiwa mgongo umekosa mpangilio huona picha ya mnyororo uliofyatuka, na mnyororo uliofyatuka dawa yake ni kurudishwa.

Mkosaji mwenyewe

Mara nyingi mbwa akipooza ghafla miguu ya nyuma bila ajali, mfupa hauna kosa. Mkosaji ni diski, yale matakia madogo ya gegedu yaliyo kati ya pingili na pingili. Kila diski ina ganda gumu la nyuzi na kiini laini kama uji mzito. Kazi yake ni kupokea kishindo mnyama anaporuka na kutua.

Mnamo 1952, Hans-Jörgen Hansen wa Sweden alieleza namna mbili za kuharibika kwa diski za mbwa, na madaktari wangali wanazitaja kwa jina lake hadi leo. Katika namna ya kwanza kiini hugeuka mapema kuwa kikavu kama chokaa, kisha siku moja ganda linapasuka na kile kiini kinarushwa juu kwenye mfereji na kuubana ugwe. Katika namna ya pili, ganda huvimba polepole kwa miaka, na hii huwapata zaidi mbwa wakubwa waliozeeka.

Namna ya kwanza ina mateka wake maalumu: mbwa wa miguu mifupi na mwili mrefu. Dachshund, yule mbwa wa Kijerumani aliyefugwa ili aingie mashimoni kumfuata melesi, ndiye anayeongoza. Inakadiriwa kwamba takriban Dachshund mmoja kati ya watano ataonyesha dalili za ugonjwa huu maishani mwake, mara nyingi akiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na saba. Beagle, Pekingese, Cocker Spaniel na French Bulldog wamo pia katika orodha. Mnamo 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitambua chanzo chake katika urithi: nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyo kwenye kromosomu ya 12, ambayo hufupisha miguu na papo hapo kuzeesha diski. Kwa maneno mengine, umbo lile ambalo wanunuzi hulipenda na ugonjwa unaomlemaza mbwa vimetoka katika mfuko mmoja.

Hata mahali diski inapopasuka si pa kubahatisha. Sehemu ya kifua imelindwa na kano zinazounganisha vichwa vya mbavu chini ya ugwe. Kano hizo zinapokoma, karibu na mbavu za mwisho, ndipo hatari huanza na kuendelea hadi kiunoni. Mbwa hukunja mgongo hapo, hukaza tumbo, hukataa kupanda ngazi. Mtu asiyejua hudhani ana maumivu ya tumbo. Mwingine humkanda palepale panapouma, yaani juu ya diski iliyopasuka.

Saa za kuamua

Daktari anayempokea mbwa wa namna hii hutaka kujua kiwango cha madhara. Je, ana maumivu tu? Anayumba lakini anatembea? Ameshindwa kusimama? Kipimo cha mwisho kwa walio na hali mbaya zaidi huonekana cha ukatili, lakini hakina mbadala. Daktari hubana kidole cha mguu kwa koleo hadi mfupani na kumtazama mbwa usoni. Mguu kujivuta hakumaanishi chochote, maana hilo hufanywa na ugwe pekee bila ubongo kuarifiwa. Mbwa akigeuka, akilia au akitaka kuuma, habari imefika ubongoni na tumaini bado lipo.

Tofauti ni kubwa. Kwa mujibu wa mapendekezo ya pamoja ya wataalamu wa mishipa ya fahamu ya wanyama yaliyochapishwa mnamo 2022, mbwa walioshindwa kutembea lakini bado wanahisi maumivu hayo, zaidi ya asilimia 90 yao hupata kutembea tena wakifanyiwa upasuaji wa kuondoa kiini kilichoubana ugwe. Walioacha kuhisi, kiasi cha asilimia 60 hupona kwa upasuaji, na bila upasuaji ni takriban mmoja tu kati ya watano. Wachache kati ya hao walioacha kuhisi hupatwa na balaa kubwa zaidi: ugwe wote huanza kuoza kuelekea kichwani, na mnyama hufa kwa kushindwa kupumua katika siku chache. Hali ya mbwa huweza kushuka kutoka daraja moja hadi jingine usiku mmoja. Siku mbili zinazotumika kumtafuta mnyooshaji ni siku zinazotolewa katika hesabu hiyo.

Hesabu hizo hizo zinafichua siri nyingine. Mbwa ambao bado wanatembea, ingawa wana maumivu au wanayumba, takriban wanane kati ya kumi hupona bila kisu, kwa kuzuiwa kutembeatembea na kupewa dawa za maumivu. Basi mtu yeyote aliyewagusa katika wiki hizo, awe mnyooshaji, mkandaji au mwenye mafuta ya kupaka, atasifiwa kuwa ndiye aliyewaponya. Sifa za wateja walioridhika, hata ziwe nyingi na za kweli, haziwezi kutenganisha kilichoponya na kilichokuwepo tu.

Utafiti unasema nini

Njia ya kutenganisha mambo hayo ni kuwalinganisha wanyama waliotibiwa na wengine wasiotibiwa. Mnamo 2021, kundi la wataalamu, baadhi yao wakiwa ni watetezi wa tiba za mikono wenyewe, lilikusanya tafiti zote za maana zilizokuwa zimechapishwa kuhusu kunyoosha na kulegeza viungo vya farasi, mbwa na paka. Walipata 14 pekee zilizofaa kuchambuliwa. Tafiti 13 zilihusu farasi. Moja ilihusu mbwa, nayo haikugusa mgongo kamwe. Ilichunguza kifundo cha mguu wa mbele kilichokazika baada ya kufungwa. Paka hawakuwa na hata moja.

Kwa farasi kuna dalili kwamba kubonyezwa mgongo hupunguza ukakamavu na maumivu kwa muda, japo tafiti nyingi ni ndogo. Kwa mbwa mwenye diski iliyopasuka, hakuna ithibati kwamba kiropraktiki husaidia, na ipo sababu ya wazi ya kuhofia kwamba huweza kusukuma kilichobaki cha kiini kwenye ugwe. Mbwa mzee aliyekwisha kupigwa picha, ambaye ugonjwa wake unajulikana na ana misuli iliyokaza kwa sababu ya kuchechemea, ni jambo jingine. Huyo mikono myepesi humstarehesha, na hakuna wa kumnyima.

Wanaofanana na wenye mgongo

Kuna maradhi mengine yanayojifanya ya mgongo. Paka anayepooza ghafla miguu ya nyuma huku akipiga mayowe, mara nyingi moyo wake ndio mbovu. Damu iliyoganda hutoka moyoni na kuziba mshipa mkuu unaogawa damu kwenda miguuni. Nyayo zake huwa baridi na vidole vyake hufifia rangi. Kumnyoosha paka huyo mgongo ni kumtesa bure.

German Shepherd, anayepatikana katika mageti mengi ya miji ya Kenya, ana mitego miwili. Akiwa bado kijana, viungo vya nyonga visivyokaa sawasawa humfanya atembee akitikisa makalio. Akipita miaka minane hivi, anaweza kupatwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa ugwe ambao hauna maumivu. Huanza kwa kukwaruza kucha za nyuma chini, kisha miguu hupishana, na katika miezi kadhaa hushindwa kusimama. Hitilafu ya jeni ya SOD1 inayohusiana na ugonjwa huo iligunduliwa mnamo 2009. Hauna tiba, na mwenye mbwa aliyeambiwa ukweli mapema ataokoa pesa nyingi.

Vilevile wapo waliogongwa na magari. Hao wanaweza kuwa na pingili iliyovunjika au kuteguka kwelikweli, na kila wanapoinuliwa kwa kushikwa kwapa na miguu ncha za mfupa huukata ugwe zaidi. Mbwa wa namna hiyo huvutwa taratibu juu ya ubao, mlango uliong'olewa au hata kipande cha mabati kilichofunikwa gunia, akafungwa kwa shuka asijipindue, na kupelekwa hivyo hivyo. Mdomo wake ufungwe kwa kitambaa ikiwa anapumua vizuri na hatapiki, maana mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake.

Nani wa kuendewa

Nchini Kenya, sheria ya 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inamkataza mtu asiyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo kutoa huduma za udaktari huo. Nchini Uingereza, sheria ya 1966 iliwaachia madaktari wa mifugo pekee kazi ya kutambua ugonjwa wa mnyama, na mtabibu wa mikono huja baada ya daktari kumpima. Mpangilio huo una busara popote. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa iliyovunjika, lakini kwa diski huweza tu kudokeza, kwa kuwa ugwe wenyewe hauonekani. Picha ya MRI au ya CT ndiyo inayoonyesha mahali hasa pa kupasuliwa. Pasipo mashine hizo, daktari hutegemea vipimo vya mikono na nyundo, na vipimo hivyo humwambia mengi kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya kumfikia daktari, dawa za binadamu ziachwe kabatini. Paracetamol huua paka hata kwa kidonge kimoja, na ibuprofen hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa. Tena dawa hizo zikichanganywa na zile ambazo daktari huenda akatoa, hatari huzidi.

Mbwa anayetibiwa bila upasuaji hufungiwa katika kizimba kidogo kwa muda usiopungua wiki nne, akitolewa kwa kamba kwenda haja na kurudishwa. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwani dawa za maumivu humfanya ajisikie mzima katika siku chache naye huanza kubweka atolewe. Diski haijafunga bado. Aliyepooza kabisa huhitaji zaidi: godoro kavu, kugeuzwa ubavu kila baada ya saa chache, na kukamuliwa kibofu mara tatu au nne kwa siku, kazi ambayo daktari humfundisha mwenye mbwa kwa kumwekea mkono juu ya mkono. Mkojo ukibaki ndani huoza na kupanda hadi kwenye figo. Baadaye huja mazoezi ya kukunja na kukunjua miguu, kusimamishwa kwa kutegemezwa taulo chini ya tumbo, na kutembezwa majini. Baadhi ya wasiopona hufungiwa kigari cha magurudumu mawili nyuma, na huzunguka nacho ua mzima wakiwafukuza kuku.